Maswali Yenu: Kuunganisha Simu na Redio ya Gari

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinahusu jambo moja. Mtu ana simu iliyojaa nyimbo, kaswida au mahubiri, ana gari lenye redio na spika zinazotoa sauti vizuri, lakini vitu hivyo viwili havielewani, na kila anayemwuliza humshauri anunue kifaa kingine. Tumechagua barua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Rai yetu tunaitanguliza hapa kwa sababu inapita katika majibu yote: kabla ya kutoa fedha yoyote, jua kwanza redio yako ina milango gani ya kuingizia sauti, kwa kuwa ni redio, wala si simu, inayoamua lipi linawezekana na lipi haliwezekani.

Swali. Ndugu Mhariri, nimenunua Toyota ndogo iliyotumika kutoka Japani, ya mwaka 2007. Redio yake inashika vituo viwili vitatu tu, na haina mahali pa kuchomeka fleshi. Nilinunua modyuleta ya FM, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara na kuirushia redio sauti ya simu, nikaiweka kwenye masafa ya 100.0 kama karatasi yake ilivyoeleza, lakini redio yangu haifiki huko. Fundi ameniambia redio ing'olewe na kuwekwa nyingine. Je, nifuate ushauri wake? *Msomaji, Tanga.*

Jibu. Ndugu msomaji, redio yako si mbovu, na bado hujafika wakati wa kuing'oa. Japani walijitengea bendi yao ya FM, iliyoanza megahezi 76 na kuishia 90, na baadaye, kuanzia mwaka 2014, wakaanza kuiongeza hadi 95. Huku kwetu, Tanzania na Kenya kwa pamoja, vituo vya FM viko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio ya Kijapani ya mwaka 2007 inakutana na vituo vyetu katika kipande kidogo tu, kile cha kuanzia 87.5 hadi 90, na ndiyo sababu unapata vituo viwili vitatu.

Modyuleta yako nayo ni kituo kidogo cha redio, na sheria hiyo inaihusu vilevile. Ukiiweka 100.0 inatangaza mahali ambapo redio yako haina masikio. Irudishe ndani ya kile kipande cha pamoja, kwa mfano 87.7 au 89.9, kisha uiweke redio kwenye namba hiyohiyo. Sikiliza kwanza redio ikiwa peke yake: ukisikia mvumo mtupu wa mawimbi pasipo sauti ya mtangazaji, hapo ni mahali panapofaa; ukisikia kituo, hata kwa mbali, usipatumie, kwa sababu ukisafiri na kuukaribia mnara wake kituo hicho kitaimeza modyuleta yako.

Kuna wenye magari waliofungiwa ekspanda, kile kiboksi kidogo kinachowekwa kati ya antena na redio ili vituo vyetu vya juu vishuke hadi kwenye bendi ya Kijapani. Kama gari lako linacho, hesabu inabadilika. Ekspanda inayopunguza megahezi 20 hukifanya kituo cha 100.0 kisikike redioni kwenye 80.0, basi modyuleta ikiwekwa 104.7, redio itafutwe kwenye 84.7. Wauzaji wengi hawaelezi jambo hili, na mteja hurudisha modyuleta nzima akidhani imekufa.

Hata hivyo, tungependa uichukulie modyuleta kuwa njia ya mwisho. Sauti yake hupita hewani, huchanganyika na vituo vingine, na katika mji mkubwa ambako bendi imejaa haitulii. Kabla ya kuitegemea, kagua gari lako vizuri. Bonyeza kitufe cha kubadilisha chanzo cha sauti hadi mwisho, uone kama kuna neno AUX (mlango wa kuingizia sauti kwa waya) au VTR. Magari mengi ya Kijapani yenye skrini yana mlango wa VTR, ambao ulikusudiwa kwa ajili ya mashine ya video lakini unapokea sauti ya kitu chochote. Mara nyingine ni tundu dogo moja, mara nyingine ni matundu matatu yenye rangi nyekundu, nyeupe na ya njano, nayo hufichwa ndani ya kisanduku cha dashibodi au chini ya mahali pa kuegemeza mkono. Nyekundu na nyeupe ndizo za sauti, na ya njano ni ya picha, hivyo huihitaji.

Kama hakuna kitu hapo, redio ikitolewa taratibu inaweza kuwa na tundu la AUX kwa nyuma ambalo halikuwahi kuunganishwa, na waya wake huuzwa kwa bei ndogo sana kuliko redio mpya. Na ikiwa redio yako ni ya kaseti, usiidharau: ipo kaseti yenye waya inayochomekwa kwenye simu, na sauti yake, ingawa haina ukali wa juu kama wa CD, haisumbuliwi na kituo chochote. Redio isiyo na hata mlango mmoja kati ya hii ndiyo tunayoweza kukubali kuwa imefika wakati wa kubadilishwa.

Swali. Mhariri, natumia waya wa AUX kwenye gari langu na sauti ni nzuri nikiwa nimesimama. Nikiwasha injini na kuchomeka chaja ya simu, mluzi mwembamba unatokea kwenye spika, na nikikanyaga mafuta mluzi unapanda pamoja na injini. Nimebadilisha waya mara mbili bila mafanikio. *Mama wa watoto wawili, Nakuru.*

Jibu. Ahsante, mama, kwa kuyaeleza yote hayo kwa ukamilifu, kwa sababu namna ulivyoyaeleza ndiyo inayotupa jibu. Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini unatoka kwenye altaneta, ile inayochaji betri. Simu yako sasa imeunganishwa na gari kwa njia mbili kwa wakati mmoja: waya wa chaja na waya wa AUX. Njia zote mbili zina upande wa hasi, na kwa kuwa zimeungwa kwenye bodi ya gari sehemu mbili tofauti, umeme mdogo wa altaneta hupata mzunguko wa kupitia kwenye simu na kuingia redioni kama sauti. Waya mpya hauwezi kuondoa jambo hilo, hata ungekuwa wa bei kubwa.

Fanya jaribio hili kwanza: injini ikiwa inaunguruma na muziki ukipiga, chomoa chaja peke yake. Mluzi ukikoma papo hapo, umethibitisha chanzo. Sasa unazo njia tatu. Ya kwanza ni kuichaji simu kwa pawabenki isiyochomekwa kwenye gari, ambayo haigharimu chochote ikiwa unayo tayari. Ya pili ni kununua kifaa kidogo cha kutenganisha sauti, chenye transfoma mbili ndogo ndani, kinachowekwa katikati ya waya wa AUX. Transfoma hizo hupitisha muziki bila kuziunganisha nyaya za hasi za pande mbili. Wauzaji wa vifaa vya sauti hukiita kichujio cha kelele, na ni vizuri umwambie muuzaji unakitaka kwa AUX ya gari, kwa sababu vipo vingine vinavyowekwa kwenye waya wa umeme. Ya tatu, kama redio yako ina Bluetooth, ni kuachana na AUX kabisa.

Tahadhari moja. Wapo wanaonunua kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye AUX huku kikipata umeme kutoka tundu la sigara, nao hushangaa kuukuta mluzi uleule. Sababu ni ileile, kwani sasa kipokezi ndicho kilichounganishwa mara mbili. Chagua kipokezi chenye betri yake ndani, ukichaji nyumbani.

Ikiwa mluzi haukomi hata baada ya kuchomoa chaja, mpelekee fundi umeme wa magari aipime betri injini ikiwa imewashwa. Volti zinazokaribia 13.8 hadi 14.4 ni za kawaida. Diodi ya altaneta ikianza kuchoka, mara nyingi spika hulalamika kabla taa ya betri haijawaka kwenye dashibodi, na hapo mluzi umekufanyia hisani.

Swali. Nikiunganisha simu kwa waya wa AUX, vyombo vya muziki vinasikika lakini sauti ya mwimbaji imepotea, au inasikika kama yuko ndani ya pipa. Nyimbo zote ziko hivyo. Pia nafikiria kununua simu isiyo na tundu la duara la waya wa sauti. *Kijana wa Morogoro.*

Jibu. Waya wa hasi haugusi. Mwimbaji hurekodiwa sawasawa upande wa kushoto na wa kulia; hasi ikikatika, spika hupokea tofauti tu kati ya pande hizo mbili, na kile kinachofanana pande zote hujifuta. Angalia pini ya waya wako: ya sauti pekee ina mistari miwili ya plastiki. Yenye mistari mitatu imeongezwa njia ya maikrofoni au ya video, na si kila tundu linapanga njia hizo kwa utaratibu mmoja. Nunua waya wenye mistari miwili pande zote mbili, usukume pini mpaka mwisho, hata ikibidi uvue kava ya simu.

Kwa kuwa umetaja pia kwamba unafikiria kununua simu isiyo na tundu la duara, fahamu kwamba adapta za USB-C za kutolea sauti ziko za aina mbili zinazofanana kwa macho. Moja ni waya mtupu, na hufanya kazi kwa simu chache tu ambazo hutoa sauti ya kawaida kupitia tundu hilo. Nyingine ina kibadilishi cha sauti ndani yake na hufaa simu nyingi zaidi. Ijaribu dukani na simu yako mwenyewe kabla ya kulipa.

Swali. Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa lori la mizigo, njia yangu ni Dar es Salaam hadi Tunduma. Redio ya zamani ilikufa, nikapata redio ya gari dogo yenye Bluetooth na USB. Fundi aliunga waya kwenye betri moja kati ya mbili na redio ikapiga vizuri. Tangu hapo betri zinanisumbua: moja imelala mara kwa mara, na nyingine inakausha maji. Bosi anasema redio inakula betri. Je, ni kweli? *Dereva, Mbeya.*

Jibu. Ndugu dereva, redio haina hatia, lakini namna ilivyoungwa ina makosa, na tunalijibu swali hili kwa urefu kwa sababu jambo hilo limeenea sana kwenye malori na mabasi.

Lori lako lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana ili zitoe 24. Altaneta huzichaji zote mbili kwa pamoja, kwa volti zinazokaribia 28, na kidhibiti chake huangalia jumla tu. Fundi alipoitoa redio kwenye betri moja, betri hiyo ikawa inatoa umeme ambao mwenzake hautoi. Inapofika zamu ya kuchajiwa, ile iliyotumika inahitaji zaidi, lakini altaneta haiwezi kujua hilo. Ikishaona jumla imetimia inatosheka. Matokeo yake ni kwamba betri ya redio inabaki chini, na ile nyingine inapandishwa kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka na kukauka. Ndivyo unavyoziona betri zako leo: iliyolala na iliyokauka zimeharibiwa na waya mmoja. Ukinunua betri mpya ya upande mmoja bila kuuondoa waya huo, fedha zako zitapotea tena.

Tiba yake ni kipunguza volti, kifaa kinachochukua 24 kutoka betri zote mbili na kutoa 12. Kabla ya kukinunua, tazama fyuzi iliyo nyuma ya redio. Mara nyingi imeandikwa ampea 10 au 15. Kipunguza volti chako kiwe na uwezo usiopungua namba hiyo, na uwezo huo uwe wa kufanya kazi mfululizo, kwa kuwa baadhi ya vifaa huandikwa kwa herufi kubwa ule uwezo wa muda mfupi tu. Kifungwe juu ya chuma, mahali penye hewa, mbali na nguo na magodoro ya kitanda cha kabini, kwa maana hupata moto. Fyuzi yake iwekwe karibu na betri, si karibu na redio, ili waya ukichubuka njiani fyuzi ikatike kabla waya haujawaka.

Mwambie fundi pia kwamba redio ina nyaya mbili za chanya. Wa njano huhifadhi kumbukumbu, yaani vituo, saa na simu zilizosajiliwa, nao hutaka umeme wakati wote. Ule mwekundu huiwasha redio ufunguo unapozungushwa. Kama wote wawili wataungwa pamoja mahali penye umeme wa kudumu, redio haitazimika yenyewe na utazikuta betri zimeshuka asubuhi. Kama wote wataungwa kwenye swichi, redio itasahau simu yako kila unapozima lori. Vipo vipunguza volti vyenye mlango mdogo wa pembeni kwa ajili ya waya wa njano, na hivyo ndivyo tunavyovipendekeza kwa lori.

Soma pia chaja yako ya simu. Iliyoandikwa 12–24V ni salama. Iliyoandikwa 12V peke yake usiichomeke kwenye tundu la lori, kwa sababu ikiungua inaweza kuondoka na simu.

Swali. Assalaam alaykum. Simu yangu inaungana na gari kwa Bluetooth. Nikipigiwa, sauti hutoka kwenye spika za gari, lakini nikifungua kaswida sauti hutoka kwenye simu. Aliyeniuzia simu anasema tatizo ni gari, na aliyeniuzia gari anasema tatizo ni simu. *Msomaji, Unguja.*

Jibu. Waalaykum salaam. Bluetooth inafanya kazi mbili zisizotegemeana. Ya kwanza ni mazungumzo ya simu, ambayo hupelekwa kwa njia moja tu ya sauti, nyembamba, inayotosha kusikilizana. Ya pili ni muziki wa pande mbili, ambao una utaratibu wake wenyewe uliopitishwa mwaka 2003, na redio nyingi zilizotengenezwa miaka iliyofuata ziliendelea kuwekewa kazi ya kwanza peke yake. Gari kuungana na simu si ushahidi kwamba linapokea muziki.

Anza na redio. Simu inapoita, redio huhama yenyewe kwenda kwenye mazungumzo, lakini muziki unasubiri uchaguliwe. Bonyeza kitufe cha chanzo cha sauti mpaka uone BT Audio au alama ya Bluetooth yenye noti ya muziki. Ikiwepo, tatizo ni dogo: ingia kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, gusa jina la gari, uhakikishe kwamba ruhusa ya sauti ya muziki imewashwa, siyo ya kupiga simu tu. Ikigoma, futa jina la gari kwenye simu na ufute simu kwenye gari, kisha uanze upya. Gari lililotumika huja na orodha ya simu za wenyewe wa zamani, na kwa kuwa redio hukumbuka simu chache tu, orodha iliyojaa inaweza kuizuia yako. Zifute zote, kwani hata majina na namba za watu wengine havifai kubaki humo. Redio ikidai namba ya siri, mara nyingi ni 0000 au 1234.

Ikiwa chanzo hicho hakipo kabisa, redio yako ni ya mazungumzo tu. Zipo programu za Android zinazoidanganya redio kwamba kuna simu inaendelea, ili sauti yote ipite kwenye njia ya mazungumzo. Kwa mawaidha, taarifa ya habari au kitabu kinachosomwa zinafaa. Kwa kaswida yenye dufu na waitikiaji hatuzishauri: njia hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayesema, na uzuri wa sauti nyingi zinazoitikiana hupotea wote. Tafuta mlango wa AUX kama tulivyomweleza msomaji wa Tanga, ukichomeke hapo kipokezi chenye betri yake.

Swali. Fleshi ya GB 8 inasomeka kwenye gari, ya GB 64 haisomeki. Pia nyimbo hazifuati mpangilio niliouweka. Na kwa nini simu yangu ya Android nikiichomeka USB inachaji tu? *Mwalimu, Eldoret.*

Jibu. Mwalimu, fleshi kubwa mara nyingi huja zikiwa zimefomatiwa kwa exFAT, wakati redio nyingi za zamani husoma FAT32 peke yake; hizo ni namna mbili za kupanga faili ndani ya fleshi. Unaweza kuifomati upya, lakini hamisha kwanza vilivyomo, kwa kuwa vitafutika vyote. Dirisha la kufomati la Windows kwa miaka mingi limekataa FAT32 inapozidi GB 32, na hapo itahitajika programu nyingine. Ushauri wetu ni kununua fleshi ya GB 16 au 32, ambayo inabeba maelfu ya nyimbo za MP3. Faili zenyewe ziwe MP3, maana aina nyingine za faili za sauti, kama FLAC na M4A, redio nyingi za namna hiyo huziruka.

Kuhusu mpangilio, redio nyingi rahisi hazisomi majina kwa alfabeti. Hucheza faili kwa utaratibu zilivyonakiliwa. Fomati fleshi, panga nyimbo kwenye kompyuta, kisha uzinakili kwa kufuatana, folda moja baada ya nyingine.

Simu ya Android haijionyeshi kama fleshi. Inazungumza lugha nyingine ya kuhamisha faili, inayoitwa MTP, ambayo kompyuta inaielewa lakini redio ya kawaida haiielewi. Tundu la USB la redio hizo mara nyingi hutoa nusu ampea tu, kwa hiyo hata kuchaji kwenyewe ni kwa polepole.

Swali. Nina gari la Ulaya la mwaka 2008, ndani ya kisanduku cha dashibodi mna waya wenye pini pana ya iPod, kile kicheza nyimbo cha Apple. Nimepata iPod ya zamani. Inacheza vizuri na majina ya nyimbo yanaonekana kwenye skrini, lakini haichaji, na ikiisha chaji muziki unakoma. Naweza kuitumia iPhone badala yake? *Msomaji, Mombasa.*

Jibu. Pini hiyo yenye njia 30 ilianza kutumika kwenye iPod mwaka 2003, na Apple wakaiacha mwaka 2012 walipoleta pini ndogo ya Lightning. Katika miaka ya mwanzo chaji ilipita kwa njia ya FireWire, yenye volti nyingi, na magari mengi yaliungwa kwa kuifuata hiyo. Mwaka 2008 Apple waliiondoa chaji ya FireWire kwenye vifaa vyao vipya, kuanzia iPhone 3G, wakabakiza ya USB. Ndiyo sababu iPod yako inazungumza na gari lakini haipokei umeme kutoka kwake. Si ugonjwa wa betri. Kipo kiungio kidogo kilichotengenezwa kugeuza chaji hiyo, kinachokaa kati ya waya wa gari na iPod, nacho hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika. Ama utafute iPod iliyotoka kabla ya mabadiliko hayo. Mpya haipo tena, kwa kuwa Apple walisitisha iPod ya mwisho Mei 2022.

Kwa iPhone, vipo vipokezi vya Bluetooth vyenye tundu la njia 30 vinavyochomekwa kwenye waya uleule. Lakini baadhi ya magari hutaka kwanza iPod ijitambulishe, na kipokezi kisichojua kujibu hukataliwa, hivyo usikilipie kabla hujakisikia kikipiga ndani ya gari lako. Gari likikikataa, AUX ni rahisi zaidi. Tungekushauri uitunze iPod hiyo pamoja na waya wake: kuchagua nyimbo kwa vitufe vya gari bila kuigusa simu ni neema kwa dereva, na hilo gari lako linaliweza tayari.

Swali. Fundi alibadilisha betri ya gari langu la Kijapani. Tangu siku hiyo skrini ya redio imeandika Kijapani na haikubali chochote, hata Bluetooth iliyokuwa ikifanya kazi. *Msomaji, Arusha.*

Jibu. Hiyo ni kinga dhidi ya wizi. Redio ikipoteza umeme hudhani imeng'olewa. Elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri kwenye skrini, usome inachodai. Nyingine hudai namba ya siri, na nyingi hudai kadi ya SD ya ramani iliyokuja nayo. Fungua skrini utazame tundu la kadi. Mara nyingi kadi hiyo ilitolewa na mtu aliyeiona haina maana, kwa sababu ramani yake ni ya Japani, akaifomati na kuijaza nyimbo. Kadi ya redio nyingine kwa kawaida haikubaliwi, hivyo mwulize aliyekuuzia gari kabla hujanunua kadi mtaani. Ikidaiwa namba, wapo mafundi wanaoipata kwa kutumia namba ya redio inayoonyeshwa kwenye skrini hiyohiyo. Mlipe redio ikishafunguka.

Ukishindwa kabisa, ndipo ununue redio mpya. Pima kwanza: nafasi ya Toyota nyingi ina upana wa milimita 200, wakati redio za kawaida zina 180, na tofauti hiyo huzibwa kwa vipande vya plastiki vya pembeni. Dai waya wa kuunganishia wenye plagi inayolingana na ya gari lako, ili hata waya mmoja wa kiwandani usikatwe. Uliza kama redio hiyo inashika FM hadi 108, kwa maana nyingine zinazouzwa nazo zimetoka Japani. Na vile vyuma vya pembeni vilivyoishika redio ya zamani fundi asivitupe, kwa sababu mara nyingi redio mpya hufungwa kwa hivyohivyo.